Nani Aliwavusha? Kisa cha Mto Sweetwater, Novemba 1856, na Nyaraka Zake

Kuna kisa kimoja katika historia ya Wamormoni, yaani waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambacho kimesimuliwa makanisani na kwenye mikutano ya vijana kwa zaidi ya miaka 100. Kinasema kwamba mwanzoni mwa Novemba 1856 kundi la wahamiaji wenye njaa, nguo zikiwa zimewachakaa mwilini, lilifika ukingoni mwa mto Sweetwater, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Wyoming, likaukuta mto umejaa mabonge ya barafu. Wanaume waliokwisha kuvuta mikokoteni kwa mamia ya maili walivunjika moyo wakalia. Ndipo vijana watatu wa miaka 18, waliokuwa wametumwa kuja kuwaokoa, wakajitosa majini na kuwabeba karibu wahamiaji wote, mmoja baada ya mwingine, hadi ng'ambo. Baridi iliwaumiza vibaya mno, na wote watatu wakafa baadaye kwa madhara yake. Brigham Young, kiongozi wa kanisa, alipopata habari alilia kama mtoto, na baadaye akatangaza mbele ya watu kwamba tendo lile peke yake linatosha kuwapa C. Allen Huntington, George W. Grant na David P. Kimball wokovu wa milele katika Ufalme wa Selestia, yaani daraja la juu kabisa la mbinguni kwa imani yao.

Ni simulizi yenye nguvu, na sishangai kwamba imedumu. Ninachotaka kufanya hapa ni kuichukua dai kwa dai na kuuliza kila dai limetoka kwenye karatasi gani, limeandikwa na nani, na miaka mingapi baada ya tukio. Sifanyi hivyo kwa kuwadharau waliojitosa majini siku ile. Naamini kinyume chake, kwamba mtu aliyefanya jambo kubwa anastahili kusimuliwa kwa kile alichokifanya hasa, na kwamba wale waliokuwa kando yake nao wana haki ya kutosahauliwa.

Watu waliohesabu hata gurudumu

Kwanza ni lazima msomaji ajue tunazungumzia jamii ya namna gani. Siku ile ile kanisa lilipoundwa, tarehe 6 Aprili 1830 huko Fayette katika jimbo la New York, mwanzilishi wake Joseph Smith alitoa ufunuo ambao sasa ni sehemu ya 21 ya Mafundisho na Maagano, kimojawapo cha vitabu vitakatifu vya kanisa hilo, na maneno yake ya kwanza kabisa yanaagiza kwamba kumbukumbu ziandikwe. Tangu hapo uandishi ulikuwa sehemu ya ibada. Smith alipouawa katika gereza la Carthage, Illinois, tarehe 27 Juni 1844, na wafuasi wake wakalazimika kuanza kuuhama mji wao wa Nauvoo mwezi Februari 1846, makarani walizipanga nyaraka kwenye masanduku, wakaandika orodha ya kilichomo, na kuzisafirisha magharibi kwenye magari ya kukokotwa pamoja na unga na mbegu. Watu waliokuwa wakikimbia hawakukubali kuacha karatasi zao nyuma.

Mwaka uliofuata, kundi la kwanza lilipokuwa likivuka nyika kuelekea bonde la Salt Lake, katika Utah ya leo, karani William Clayton alichoshwa na wenzake waliokuwa wakikisia umbali kila mtu kwa namna yake. Tarehe 8 Mei 1847 alifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la gari moja, baada ya kupima na kuona kwamba mizunguko 360 ni maili moja, kisha akatembea kando yake siku nzima akihesabu. Jioni alikuwa amefikisha mizunguko 4,070, yaani maili 11 na robo na mizunguko 20 zaidi. Siku chache baadaye, kwa msaada wa Orson Pratt aliyebuni na seremala Appleton Harmon aliyechonga, kilitengenezwa kifaa cha mbao chenye meno cha kufanya kazi hiyo, na mwaka 1848 Clayton akachapisha mwongozo wa njia wenye umbali kutoka kituo hadi kituo.

Naleta habari za gurudumu la Clayton kwa sababu moja. Unapochunguza tukio la watu wa aina hii, ukimya wa nyaraka una uzito wake. Si uzito wa ushahidi kamili, kwa maana mambo mengi ya kweli hayakuandikwa popote; lakini jambo linapodaiwa kwamba lilitangazwa hadharani na kiongozi mkuu wa watu hawa, halafu lisionekane katika karatasi yoyote ya wakati huo, mchunguzi hana budi kusimama na kutazama upya.

Namna walivyofika mtoni mwezi Novemba

Mfuko wa kanisa wa kuwasaidia wahamiaji maskini, ulioanzishwa mwaka 1849, ulikuwa umeelemewa na gharama za magari na maksai. Mwaka 1855 nzige waliharibu mavuno ya Utah, na hali ikazidi kuwa ngumu. Septemba mwaka huo Brigham Young alimwandikia Franklin D. Richards, aliyesimamia kazi ya kanisa huko Uingereza, kwamba wahamiaji watengenezewe mikokoteni waivute wenyewe kwa mikono. Mpango huo ulifanya kazi kwa sehemu kubwa. Kati ya 1856 na 1860 makundi 10 yalisafiri kwa mikokoteni, yakiwa na watu karibu 3,000, na makundi matatu ya kwanza ya 1856 yalifika kabla ya majira ya baridi.

Yaliyobaki mawili yaliondoka kwa kuchelewa. La James G. Willie lilivuka bahari kwa meli Thornton. La Edward Martin lilitoka Liverpool tarehe 25 Mei kwa meli Horizon iliyokuwa na abiria 856. Walipofika Iowa City, mikokoteni haikuwa tayari, ikabidi itengenezwe kwa haraka kwa mbao ambazo hazijakauka. Kundi la Martin, lenye watu wapatao 576, liliondoka Iowa City mwishoni mwa Julai, likapita Florence, Nebraska, katika wiki ya mwisho ya Agosti, huku bado likiwa na safari ndefu mbele yake kupita milima.

Tarehe 19 Oktoba walivuka mto North Platte kwa mara ya mwisho, na siku hiyo hiyo theluji ikaanza kuanguka. Walikwama. Mgao wa unga ulikuwa umepunguzwa, na kila asubuhi kulikuwa na wa kuzikwa. Huko Salt Lake, Young alikuwa amepata habari tarehe 4 Oktoba kwamba bado kuna watu nyikani. Kesho yake aliwaambia waumini waliokusanyika kwenye mkutano kwamba dini ya siku hiyo ni kwenda kuwaleta, na tarehe 7 magari ya kwanza ya uokoaji, chini ya kapteni George D. Grant, yalikuwa njiani. Wapelelezi watatu wa kikosi hicho, Joseph A. Young, Abel Garr na Daniel W. Jones, walilipata kundi la Martin tarehe 28 Oktoba.

Barua ambayo kapteni Grant alimwandikia Young kutoka Devil's Gate, kando ya mto Sweetwater, tarehe 2 Novemba, na ambayo ilichapishwa mwezi huo huo katika gazeti la Deseret News, ni karatasi iliyoandikwa na mtu aliyesimama pale pale. Anasimulia habari za watu kati ya mia tano na mia sita waliodhoofika kwa kuvuta mikokoteni katika theluji na matope, wakianguka njiani, watoto wakilia kwa viungo kukakamaa, miguu ikitoka damu, mingine ikiwa mitupu juu ya barafu. Ukiisoma unaelewa kwa nini waokoaji waliamua kuwavusha watu hao hadi kwenye bonde dogo lililofichwa na miamba upande wa pili wa Sweetwater, ambalo leo linaitwa Martin's Cove. Walivuka tarehe 4 Novemba. Siku mbili baadaye, shajara ya waokoaji inaonyesha kipimajoto kilisoma nyuzi 11 chini ya sifuri kwa kipimo cha Farenhaiti, ambazo ni karibu nyuzi 24 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Kundi lilibaki kwenye bonde hilo hadi tarehe 9 na kuingia Salt Lake tarehe 30 Novemba. Kwa makundi yote mawili, la Willie na la Martin, waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 200.

Sauti tatu, kwa umbali tofauti

Simulizi niliyoanza nayo, kwa maneno yanayofahamika na wengi, ilitoka katika jarida la kanisa liitwalo Improvement Era mwaka 1914. Mwandishi wake ni Solomon F. Kimball. Yeye ni ndugu wa David P. Kimball, wote wawili watoto wa Heber C. Kimball, mshauri wa Brigham Young. Solomon alizaliwa mwaka 1847. Kwa hiyo siku ya kuvuka mto alikuwa na umri wa miaka 9, na hakuwepo. Aliandika miaka 58 baada ya tukio, na miaka 31 baada ya ndugu yake kufariki.

Mbele ya sauti hiyo tuweke ya John Jaques. Huyu alikuwa Mwingereza aliyevuta mkokoteni katika kundi la Martin na kumpoteza binti yake mdogo, Flora, kabla ya safari kwisha. Miaka ya 1878 na 1879 aliandika mfululizo wa makala katika gazeti la Salt Lake Daily Herald, na baadaye akawa mwanahistoria msaidizi wa kanisa. Miaka 22 si midogo, lakini Jaques anaandika kama mtu anayeogopa kusema asichokijua. Anaeleza kwamba maji yalikuwa na kina cha kama futi mbili, au zaidi kidogo penye kina kirefu. Kwamba barafu ilikuwa na unene wa inchi tatu au nne. Na kuhusu upana wa mto anakiri kwamba amesahau, anadhani ni yadi 30 au 40, ingawa kwa waliouvuka ulionekana mpana zaidi ya hapo. Kukiri huko ndiko kunakonifanya nimwamini katika mengine. Kisha anawataja waokoaji walioingia majini kusaidia mikokoteni ipite na kuwabeba wanawake, watoto na baadhi ya wanaume waliodhoofika zaidi. Anawataja kwa majina: D. P. Kimball, George W. Grant, Stephen W. Taylor na C. A. Huntington.

Ni wanne, si watatu.

Sauti ya tatu ni ya Patience Loader, dada wa mke wa Jaques. Alikuwa karibu na miaka 30 wakati huo, na baba yake alikuwa amekufa njiani mwezi Septemba, kwa hiyo alivuka akiwa na mama yake na wadogo zake. Kumbukumbu zake, alizoziandika miongo kadhaa baadaye kwa tahajia ya mtu ambaye hakusoma sana, haziwezi kutumika kama shajara ya siku ile, lakini zina jambo ambalo Jaques hana, yaani alichokiona mtu aliyebebwa. Anasema wanaume wale walikaa majini karibu siku nzima. Mama yake alitaka kuwashukuru na kuwabariki, nao hawakutaka kusikiliza shukrani. Walijibu kwamba wamekuja kusaidia. Anamtaja Kimball kwa jina, kwamba alikaa majini muda mrefu hadi ikabidi atolewe na kubebwa mpaka kambini, kwamba alichukua muda mrefu kupata nafuu, na kwamba katika maisha yake yaliyofuata aliandamwa na maumivu ya baridi yabisi.

Dai kwa dai

Sasa turudi kwenye simulizi ya 1914. Umri ni jambo rahisi kuthibitisha. Huntington alizaliwa mwaka 1831, kwa hiyo alikuwa akikaribia miaka 25, mtu mzima kabisa kwa kipimo cha wakati ule. David Kimball alizaliwa Agosti 1839, akawa na miaka 17. George W. Grant, ambaye si yule kapteni, naye hakuwa amefikisha 18. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na umri unaotajwa. Unaweza kusema hili ni dogo, nami nakubali, isipokuwa kwamba linatuonyesha Solomon hakuwa na karatasi mbele yake alipoandika, hata kuhusu mtu aliyezaliwa naye nyumba moja.

Kuhusu vifo, Grant alikufa mwaka 1872, miaka 16 baada ya mto. Kimball alikufa Novemba 1883 huko Arizona, baada ya maisha yenye shughuli nyingi, ikiwemo kuongoza kigingi cha Bear Lake, yaani jumla ya makusanyiko ya kanisa katika eneo hilo. Huntington aliishi hadi 1896, miaka 40 kamili baada ya siku ile. Kusema kwamba wote watatu walikufa kwa madhara ya baridi ya Sweetwater ni kulitwika tukio moja mzigo ambao tarehe zenyewe haziubebi. Hata hivyo, hapa simhukumu Solomon kwa ukali, kwa sababu maneno ya Patience Loader yananifanya nione jinsi dai hili lilivyoweza kuzaliwa. Kama David aliteswa na baridi yabisi tangu siku hiyo, basi nyumbani kwao maumivu yake yalikuwa na jina na mahali, na ndugu mdogo aliyekua akiyaona hakuwa na haja ya kuyazua. Aliongeza kwa wengine wawili kile alichokijua kwa mmoja, kisha akakipeleka hadi kaburini.

Dai la tatu ni kwamba karibu kila mtu alibebwa. Jaques hasemi hivyo. Anasema walibebwa wanawake, watoto na baadhi ya wanaume dhaifu, na anaongeza kwamba waliovuka kwa miguu yao walikatwa miundi na mapande makali ya barafu, vidonda ambavyo havikupona haraka na ambavyo alama zake bado zilionekana alipokuwa akiandika. Kovu haliwi kwenye mguu wa mtu aliyebebwa mgongoni. Nimejaribu pia hesabu ndogo. Tuseme watu ni 500 na wabebaji ni watatu; kila mmoja angebeba watu kama 167. Tukichukua upana mdogo kabisa anaoutaja Jaques, yadi 30, ambazo ni karibu mita 27, kwenda na kurudi ni kama mita 55, na jumla kwa kila mbebaji inazidi kilomita 9 ndani ya maji ya barafu, nusu yake akiwa na mtu mwilini, na yote kati ya saa chache za mwanga wa Novemba. Mwili wa binadamu hauna uwezo huo. Lakini chukua wanaume wanne au zaidi, wakibeba wale tu wasioweza kutembea, wakikaa majini hadi mmoja wao abebwe mwenyewe kupelekwa kambini, na utakuwa na jambo linalowezekana, tena la kutisha kulifikiria.

Linabaki tamko la Brigham Young, na hili ndilo zito zaidi, kwa kuwa linagusa imani. Mafundisho ya kanisa hilo yanafunga wokovu wa juu kabisa na maagano na maisha mazima ya uaminifu, kwa hiyo waumini wamejiulizauliza inawezekanaje tendo la alasiri moja likatosha. Kabla ya kufika kwenye teolojia, ni vizuri kuuliza kama maneno hayo yalisemwa. Hotuba za Young zilinakiliwa kwa hatimkato na waandishi kama George D. Watt, zikachapishwa magazetini na katika mkusanyiko wa hotuba uliotoka tangu 1854. Tunajua, kwa mfano, alichosema Jumapili ya tarehe 30 Novemba 1856, asubuhi ile kundi la Martin lilipokuwa likikaribia mji. Aliwaambia waliokusanyika waende nyumbani kuwapokea wageni, kwamba sala ni njema, lakini panapohitajika viazi vya kuokwa na maziwa, sala haiwezi kushika nafasi yake. Maneno hayo yalinakiliwa kwa sababu yalisemwa mbele ya watu, na palikuwa na mtu mwenye kalamu. Tamko la wokovu kwa vijana watatu, lililodaiwa kutolewa hadharani, halimo katika kumbukumbu za wakati huo. Tunalikuta kwa mara ya kwanza kutoka kwa Solomon Kimball, katika karne iliyofuata. Huenda Young alisema neno la sifa sebuleni kwa rafiki yake Heber, mbele ya familia iliyolikumbuka. Hilo siwezi kulikataa. Lakini sifa ya sebuleni na tamko la hadharani ni mambo mawili, na karatasi tulizonazo hazitoi ruhusa ya kuvuka kutoka la kwanza hadi la pili.

Simulizi hii si peke yake katika msimu huo. Kwenye kundi la Willie, Levi Savage alisimama Florence mwezi Agosti akaonya kwamba ni hatari kuendelea na wazee na watoto kwa kuchelewa vile. Shajara yake mwenyewe inathibitisha kwamba alisema hivyo. Lakini maneno yake yanayonukuliwa kila mahali, yale ya kuahidi kwamba pamoja na hayo yote atakwenda nao, atateseka nao na ikibidi atakufa nao, yanatoka katika kumbukumbu za John Chislett zilizochapishwa mwaka 1873. Nayaona kuwa karibu na ukweli, kwa sababu Chislett alikuwepo na shajara ya Savage inaunga mkono kiini chake. Tofauti na kisa cha mto ni hiyo hasa: huko kuna karatasi ya siku yenyewe inayoshikilia kumbukumbu ya baadaye isipeperuke.

Kilichoachwa ukingoni

Mwanahistoria Chad Orton alipochapisha uchunguzi wake kuhusu tukio hili mwaka 2006, akilinganisha nyaraka hizi na nyingine nyingi zilizohifadhiwa Salt Lake City, baadhi ya watu walihisi kwamba wamenyang'anywa kitu. Naielewa hisia hiyo. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni habari za vijana watatu hupata uchungu akiambiwa kwamba walikuwa zaidi ya watatu na kwamba mmoja aliishi miaka 40 baadaye. Lakini tukitazama vizuri walionyang'anywa ni wengine. Stephen Taylor yumo kwenye orodha ya Jaques ya mwaka 1878, ameingia katika maji yale yale, na mwaka 1914 hayumo tena. Hakuwa na ndugu mwandishi, au kama alikuwa naye, hakupata nafasi katika jarida. Namba tatu inakaa vizuri masikioni, na umri mmoja kwa wote hurahisisha kukumbuka. Hivyo ndivyo simulizi inavyosuguka mdomoni hadi pembe zake zikaisha, na jina la Taylor lilikuwa moja ya pembe hizo.

Vivyo hivyo walipotea wale waliovuka kwa miguu yao. Katika simulizi ya 1914 wahamiaji ni watu wa kuokolewa tu; wanakaa, wanalia, wanabebwa. Katika maandishi ya waliokuwepo, wao pia wanatenda. Walikuwa wametembea kutoka Iowa wakivuta mali yao yote, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa viwandani na watoto wa miji ya Uingereza ambao hawakuwahi kuona nyika, na jioni ile wengi wao waliingia majini kwa mara nyingine kwa sababu palikuwa hapana njia nyingine.

Leo mtu yeyote anaweza kuzisoma nyingi kati ya nyaraka hizi. Maktaba ya Historia ya Kanisa iliyofunguliwa Salt Lake City mwaka 2009 inahifadhi shajara, barua na kumbukumbu za makundi yaliyovuka nyika kabla reli haijafika mwaka 1869, na nyingi zimewekwa kwenye intaneti zikiwa zimepangwa kwa jina la msafiri na kundi lake. Ushauri wangu kwa atakayeingia humo ni kuanza na karatasi iliyo karibu zaidi na siku ya tukio, hata kama ni fupi na kavu kama barua ya kapteni Grant au shajara inayotaja kipimajoto tu, kisha ndipo aende kwa wanaokumbuka, na mwisho kabisa kwa wanaosimulia waliyosikia. Akianza na wa mwisho, kwa sababu ndiye mwenye maneno matamu zaidi, atawasoma wote waliotangulia kwa macho ya huyo mmoja.

Wanaume waliolia mtoni, ambao simulizi ya 1914 inawataja kwa jumla, kwa Jaques wanaonekana katika sura ya mtu mmoja. Anasimulia kwamba nyuma ya msafara kulikuwa na wanaume wawili wakivuta mkokoteni, wakisaidiwa na mwanamke mmoja au wawili. Walipofika ukingoni, mmoja wa wanaume hao, aliyekwisha nguvu, aliuliza kwa sauti ya kusikitisha kama ni lazima wavuke pale. Alipoambiwa ndiyo, alisema hawezi, akaangua kilio. Mke wake alikuwa kando yake. Alimwambia kwa upole, "Usilie, Jimmy. Nitakuvutia mkokoteni." Jaques aliyakumbuka maneno hayo kwa miaka 22 hadi akayachapisha. Jina la mwanamke huyo hakuliandika.